Taa ya kazi ya gereji: wati ziamue mwisho

Mkuu, ngoja nijibu kwa urefu maana hii kitu naishi nayo kila siku. Kwa faida ya wanaoingia sasa: mwenzetu ana gereji ndogo, anataka ajitengenezee taa ya kubebeka ya kumulika chini ya gari na ndani ya boneti. Mpango wake ni COB (LED nyingi ndogo zilizobanwa pamoja kwenye kibati kimoja) ya wati 50 ya volti 12, aifunge kwenye bati, avute moto kwa klipu kwenye betri ya gari analolitengeneza. Mchangiaji mmoja akamwambia aachane na usumbufu, achukue waya mrefu, holda na globu ya umeme wa nyumbani, kazi imeisha. Sasa anauliza achague lipi.

Mimi nasema usichague lolote kati ya hayo mawili, na hizo wati 50 zisahau kwanza.

Natengeneza vifaa vya elektroniki Gerezani, Dar, na majirani zangu ni mafundi magari. Taa za kazi zinapita sana mezani kwangu, za dukani na za kuungaunga. Zile zinazoishia kona ya gereji na vumbi juu, mara chache mwanga wake haukutosha. Fundi huiacha kwa sababu haikai pale anapoitaka, au inampiga machoni, au kila akiishika ameikuta haina chaji. Anarudi kwenye simu, ameing'ata kwa meno, mate yanamtoka, mikono yote miwili juu ya giaboksi. Kwa hiyo unapokaa kubuni, jiulize taa itashikiliwa na nini na itakuwa umbali gani na kazi. Ukishajua hilo, wati zinajileta zenyewe.

Hesabu yake hii hapa. LED isiyo na lenzi inamwaga mwanga kwa upana wa nyuzi kama 120. Ukiwa na lumeni 400 (lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa), kitu kilicho mita 1 mbele yake kinapata luksi 127 hivi (luksi ni mwanga unaofika pale unapofanyia kazi). Isogeze iwe sentimeta 50, zinafika kama 500, maana umbali ukipungua nusu mwanga unazidi mara nne. Luksi 500 ndizo wanazolenga Ulaya kwa meza ya ofisini. Na lumeni 400 unazipata kwa wati 4 tu, ukitumia LED za kawaida za lumeni 100 kwa wati. Wati 50 ni za mtu anayeiweka taa mbali, kwenye nguzo. Ukiileta chini ya boneti, itakuchoma mkono na bado hutaona, kwa sababu mboni ya jicho inajibana kwa ule mwanga mkali na pale nyuma ya injini panabaki giza tupu.

Tuje kwenye globu ya umeme wa nyumbani. Fundi amelala chali, mgongo una jasho, sakafu ina maji, mkono umeshika bodi ya gari, na waya wa volti 230 umepita chini ya jeki. Gamba la waya likichubuka tu, huyo ndiye njia ya umeme kwenda ardhini. Ndiyo maana kwenye matenki na sehemu finyu za chuma viwandani utakuta taa za mkono za volti 24 zinazolishwa na transfoma iliyoachwa nje. Na kama kuna anayetumia zile globu za zamani za wati 60 zenye waya unaowaka, tone la maji baridi likigusa kioo kinapasuka, na ule waya mwekundu unabaki wazi palepale penye petroli.

Halafu kuna jambo ambalo sikuona mtu akiligusa kwenye uzi huu: kupepesa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo globu rahisi ya LED inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Sasa chukua feni ya rejeta yenye mapanga 8 inayozunguka mara 750 kwa dakika. Kila sekunde yanapita mapanga 100. Chini ya taa ile feni inaweza kuonekana kama imesimama au inajizungusha polepole, na mkono wako uko hapo unatafuta pampu inayovuja. Kwenye mashine ya kukereza chuma ni vilevile. Kuipima ni rahisi: elekeza kamera ya simu kwenye taa. Ukiona michirizi myeusi inapita kwenye kioo cha simu, usiitumie karibu na kitu kinachozunguka. Taa nyingi za chaji nazo zinapepesa ukizipunguza mwanga, kwa sababu zinapunguza kwa kuwasha na kuzima haraka haraka.

Betri ya gari nayo? Watu wanaogopa itaisha chaji, lakini taa ya wati 5 inakula ampea 0.4 tu, haiwezi kuimaliza betri nzima kwa jioni moja. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za umeme wa gari, iwe stata au alternata, zinaanza kwa kuchomoa betri. Yaani taa inazimika pale hasa ulipoihitaji. Volti 12 zenyewe ni jina tu: betri iliyojaa ina 12.6, injini ikiwaka zinapanda 14 na kitu, na lori la volti 24 linafika zaidi ya 28. COB uliyoifunga moja kwa moja itawaka vizuri asubuhi na kuungua mchana kwa mteja mwingine. Na ule waya unaoning'inia karibu na mkanda wa feni, sitaki hata kuuongelea.

Kwa hiyo iwe na betri yake ndani. Ninavyozitengeneza mimi ni hivi.

Mwili: nenda kwa mafundi wa madirisha ya alminiamu, uwaombe vipande vilivyobaki vya mfereji wenye umbo la U, urefu wa sentimeta 30 hivi. Huo mfereji unafanya kazi tatu kwa mpigo. Unabeba LED, unapoza joto, na kuta zake mbili zinakata mwanga wa pembeni usikuingie machoni. Ule ukuta wa upande wa fundi, ukiweza, uongeze kwa kibati cha sentimeta 2. Ni kitu kidogo mno, lakini mafundi wakishaizoea taa yenye kibati hiki hawataki nyingine.

LED: nne za wati 1, zile zilizokaa kwenye vibati vya nyota, uzipange kwa nafasi sawa ndani ya mfereji. Zikiwa zimesambaa hivyo, kivuli cha mkono wako kinakuwa hafifu. COB moja inakupa kivuli kimoja cheusi kama wino. Paka grisi ya kupitisha joto, ile ya prosesa za kompyuta, kidogo tu, kisha kaza kwa skrubu. Sehemu kubwa ya wati unazoweka kwenye LED inatoka kama joto, usidanganywe na kwamba "LED haichemki". Washa nusu saa, shika mfereji nyuma ya LED: ukiweza kuushika bila kuachia, uko salama.

Kwenye kununua, usiangalie wati peke yake. Angalia rangi. Kwenye boksi au kwenye maelezo ya duka kuna kipimo kinaandikwa CRI, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi ya kitu. Tafuta 90 kwenda juu, na kelvini (rangi ya mwanga wenyewe) kati ya 4000 na 5000. LED za bei chee zenye mwanga wa bluu zinakufanya usitofautishe waya mwekundu na wa kahawia, au haidroliki nyekundu ya giaboksi na oili ya injini iliyochakaa. Fundi anayetafuta uvujaji anasoma rangi, sasa taa ikimdanganya ana kazi gani nayo?

Draiva, yaani kidhibiti cha umeme unaoingia kwenye LED: chipu ndogo ya AMC7135, moja kwa kila LED. Inatoa miliampea 350 zisizobadilika, haihitaji koili wala resista, na haipepesi hata kidogo. Inafanya kazi kwa seli moja ya lithiamu, au kadhaa zilizounganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kwa sababu betri ikiwa kati ya volti 4.2 na 3 na kitu, LED ya volti 3 inapata inachotaka na chipu inachoma kile kidogo kinachozidi. Unataka mwanga wa hatua mbili? Weka swichi inayowasha LED moja peke yake au zote nne. Umepata hatua zako bila ule mchezo wa kuwasha na kuzima.

Betri: seli mbili za 18650 (zile za lithiamu zenye umbo la silinda) sambamba. Seli halisi nyingi ziko kati ya miliampea-saa 2000 na 3500. Ukikuta imeandikwa 9800, hiyo ni karatasi tu. Iweke kwenye mizani: seli nzima ina gramu 45 hivi, feki nyingi ni nyepesi mno. Za betri za laptopu zilizokufa zinafaa kama utazipima moja moja, na kabla ya kuziunganisha hakikisha zote mbili zina volti sawa, la sivyo iliyojaa itaimwagia tupu moto kwa nguvu. Ukipata za 2500, jumla ni 5000. LED zote nne zinakula ampea 1.4, kwa hiyo una saa tatu na nusu hivi. LED moja peke yake itakesha.

Chaji: bodi ndogo ya kuchajia seli za lithiamu, TP4056 yenye ulinzi, ile yenye chipu ndogo za ziada karibu na matundu ya kutokea. Inachaji ampea 1, maana yake saa tano au sita, weka usiku. Lakini usiichaji huku taa inawaka, maana bodi inashindwa kujua betri imejaa. Tena usinunue ya tundu la Type-C bila kuuliza: baadhi hazina zile resista mbili za kiloomu 5.1, na hizo hazitachaji kabisa kwa kebo yenye Type-C pande zote. Mteja atakurudishia akisema taa mbovu.

Kioo cha mbele kinanitesa kuliko vyote. Akriliki nyeupe ya maziwa kutoka kwa mafundi mabango inalainisha mwanga vizuri, lakini dawa ya kusafishia breki inaipasua nyufa. Polikaboneti inastahimili kupigwa, ila petroli na hizo dawa nazo zinaimaliza. Sijapata plastiki ya kupitisha mwanga inayopatikana mtaani na kuvumilia yote, kwa hiyo nimeacha kushindana nayo. Nakata kipande kinachoteleza ndani ya mfereji na kukazwa kwa kifuniko cha mwisho, kikichakaa unachomoa unaingiza kingine. Vifuniko vya ncha nakata kwenye ule ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga, huo haujali petroli. Ukiziba kwa silikoni epuka yenye harufu ya siki, inakula shaba ya waya na solda zako.

Kushika: weka ndoano inayozunguka na sumaku pia, kwa sababu gari lenye boneti ya alminiamu au ya plastiki sumaku haitafaa kitu. Sumaku za spika zilizoharibika zinatosha na ni za bure kwa fundi redio. Zile ndogo za kung'aa zina nguvu zaidi, lakini za kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za selisiasi, na karibu na eksozi kufika hapo si kazi. Funika uso wake kwa kipande cha tyubu usije ukachuna rangi ya gari la mtu. Kwenye karakana ya kuchomelea na kukereza ondoa sumaku kabisa, itajaa vumbi la chuma hadi huoni taa.

Kuhusu shimo la kuingia chini ya gari, maana umesema unalo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia humo chini. Swichi ya kawaida inatoa cheche kila ukiibonyeza, na taa hii niliyoieleza haikujengwa kuzuia hilo, hata uizibe vipi. Iwashe ukiwa juu, shuka nayo, izime ukishapanda, na isichajiwe humo. Siku ya kushusha tenki au kufungua bomba la mafuta, gari litoke shimoni kwanza, au utafute taa yenye alama ya Ex iliyotengenezwa kwa sehemu za mvuke, bei yake ni kubwa.

Niambie shimo lako lina kina gani, na wateja wako wengi ni wa magari madogo au malori. Kama ni malori, mfereji wa sentimeta 30 utakuwa mfupi, itabidi uende 60 na LED nane, na hapo seli zinakuwa nne. Mchoro wa waya nitauweka hapa kesho nikifungua duka.