Maswali na majibu: Trekta la zamani linavuja, lakini linavuja wapi?

Safari hii nimechagua maswali ya haidroli, yaani mfumo wa oili ya presha unaonyanyua jembe. Yamejaa, na wengi wanaoyaleta wameshanunua sili (pete za kuzuia oili isivuje) kabla ya kujua oili inatokea wapi. Karibu yote ni ya Massey Ferguson 135, trekta lililoingia sokoni mwishoni mwa 1964 na ambalo bado tunalilimia.

Massey 135 yangu inavuja haidroli kwa chini. Tatizo ni nini? (Babati)

Chini wapi, ndugu yangu? Chini ya klachi? Chini ya difu? Ndani ya ringi ya tairi? Linavuja likiwa limelala au likiwa kazini? Oili ina rangi gani? Swali hili linanifikia kila msimu wa kulima, na kila mara halina hata kimoja kati ya hivyo.

Trekta la zamani limeganda tope na oili ya miaka. Oili ikitoka kwenye gasketi ya mfuniko wa lifti, pale chini ya kiti, inateremka ubavuni, inafuata bolti na kuja kudondokea kwenye tapu ya chini ya kumwagia oili. Wewe unaona tone kwenye tapu, unabadilisha washa ya tapu. Osha kwanza. Dizeli na brashi, kisha maji na sabuni, uache likauke. Nyunyizia chokaa kavu au unga wa sembe sehemu unazozishuku: ukingo wa mfuniko wa lifti, ncha mbili za shafti inayobeba mikono ya kunyanyulia jembe, mfuniko wa ubavuni wenye kijiti cha kupimia, na shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zinazofungwa kule nyuma. Washa, nyanyua na kushusha jembe mpaka oili ipate moto, kwa sababu oili baridi ni nzito na sili iliyochoka huizuia vizuri tu. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye ugonjwa. Palipolowa chini yake ni njia ya kupita. Ukishapaona, niandikie tena.

Nikizima injini, mikono yenye plau inashuka ndani ya dakika chache. Chini hakuna hata tone. Fundi anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. (Mbarali)

Muulize fundi wako: pampu iliyokufa imenyanyuaje plau? Kama inapandisha plau ya sahani tatu bila kusuasua, pampu inasukuma. Kinachokusumbua ni uvujaji wa ndani. Kwenye 135, pampu na silinda ya kunyanyulia zimo ndani ya hausingi, lile ganda la chuma la nyuma, na oili yake ni ile ile ya gia na difu. Oili ya presha ikipenya inarudi pale pale ilipotoka. Ndiyo maana sakafu ni kavu na kijiti hakishuki.

Njia za kupenyea si nyingi. Kuna ringi za pistoni ya silinda, kuna oringi (pete za mpira) za bomba lililosimama linalopeleka oili kutoka kwenye pampu hadi mfuniko wa lifti, kuna valvu ya usalama, halafu kuna valvu za pampu yenyewe. Injini ikiwa inanguruma, tazama mikono: ikishuka kidogo na kuruka, ikashuka tena na kuruka, kama mtu mwenye kwikwi, ujue pampu inafidia kinachopotea.

Sasa thibitisha. Nyanyua plau, iwekee jeki na magogo, zima injini. Punguza oili mpaka iwe chini ya mfuniko wa ukaguzi wa ubavuni, fungua mfuniko, kisha teremsha jeki kidogo ili uzito urudi kwenye silinda, magogo yakibaki mahali pake kwa usalama. Mulika kwa tochi. Oili ikitiririka mdomoni mwa silinda, ni ringi. Ikichuruzika kuzunguka bomba, ni oringi, na bei yake haifiki chakula cha mchana cha huyo fundi. Kote kukiwa kukavu, hapo ndipo unaanza kuzishuku valvu, na hapo ndipo pampu inaruhusiwa kutajwa.

Mikono inayozama polepole usiku kucha kwenye trekta la umri huu, mimi naiacha. Na hili hukuuliza: mtu asiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa kwa haidroli peke yake, hata kama pampu ni mpya jana.

Kwa kuwa inavuja tu, siwezi kujazia oili chafu ya injini? (Ifakara)

Hapana. Masizi na unga wa chuma vilivyomo vitakula valvu, halafu utaniletea swali la Mbarali.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye kipini, lilikuwa linadondosha oili. Nimeliziba kwa bolti, limenyamaza. Ni sawa? (Kitale)

Toa bolti hiyo leo. Kipini kile kimewekwa kicheze ili tundu lisizibe, na tundu limewekwa ili oili itoke nje badala ya kuoga kwenye klachi. Ukiliziba, oili inabaki ndani na kulowesha sahani ya klachi. Utaijua siku trekta litakaponguruma mlimani na tela limesimama.

Weka karatasi nyeupe chini ya tundu. Tone jeusi ni oili ya injini, na mshukiwa ni sili ya nyuma ya kranki. Tone la rangi ya asali limetoka upande wa giaboksi, kwenye sili ya shafti inayoingia. Pima na vijiti vyote viwili uone kipi kinashuka. Kwa vyovyote trekta litakatwa katikati, yaani lifunguliwe bolti na kutenganishwa vipande viwili, na hapa ndipo wengi hufanya ubahili wa ajabu: wanabadilisha sili moja na kulifunga. Likishafunguka, weka sili zote mbili na beringi ya klachi, na sahani kama imelowa. Kazi kubwa ni kulikata, vipuri ni nyongeza.

Oili ya haidroli imegeuka nyeupe. (Kilosa)

Maji. Yameingia kupitia mpira unaofunika kiwiko cha gia, uliopasuka, kwa sababu trekta linalala nje na mvua inalinyeshea usukani. Liache litulie usiku kucha, asubuhi legeza tapu taratibu, maji hutangulia. Kisha mwaga yote, suuza, weka oili mpya ya trekta inayofaa gia na haidroli pamoja. Ni kama lita 30 na zinauma, kwa hiyo nunua kwanza huo mpira wa gia.

Sili ya ekseli ya nyuma nimebadilisha mara tatu, oili bado inaingia kwenye breki. (Kibaigwa)

Basi sili haina kosa. Pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, hakuna sili itakayoziba. Shafti ivikwe bushi nyembamba, au mkereza chuma aujaze mfereji na kuusawazisha. Shika tairi likiwa hewani ulitikise: likicheza, beringi imekwisha na shafti inaitanua sili kila mzunguko. Angalia na kipimo cha oili, maana wapo wanaojaza kupita alama wakidhani wanaongeza nguvu. Kama kuna tundu la kupumulia, lisafishe, hewa ya moto ikikosa njia inaisukuma oili kwenye sili. Na mwambie fundi aache kuipigilia sili kwa patasi.

Viatu vya breki vilivyonywa oili usivioshe kwa petroli ukavirudisha. Weka vipya. Unavuta tela la mahindi kwenye barabara ya watu.

Ford 5000, oili ya nyuma inapungua lakini haidondoki popote. (Njombe)

Pima giaboksi. Kwenye Ford hiyo oili ya gia na ya difu hukaa vyumba tofauti. Giaboksi ikiwa imefurika, sili ya kati imechoka na oili inahama chumba.

Mpira wa haidroli wa tela una kitundu kidogo, unatoa kama moshi. Nimejaribu kuuziba kwa kidole, nifunge na tyubu? (Narok)

Kwa kidole! Ule "moshi" ni oili yenye presha inayozidi ya tairi la gari kwa makumi ya mara. Inatoboa ngozi bila maumivu makubwa na kuacha alama kama ya mwiba, na mkono unaanza kuoza kwa ndani. Kitundu kinatafutwa kwa kipande cha boksi, ukiwa umevaa miwani. Kama ngozi ilitoboka, usingoje uvimbe: nenda hospitali yenye upasuaji saa hii hii, useme wazi kwamba ni oili ya presha. Mpira ukatwe utupwe, tyubu haishiki hapo.

Sabuni ya kipande inaziba ufa wa hausingi? (Babati tena)

Kwenye tangi la dizeli inakufikisha nyumbani. Kwenye hausingi yenye oili ya moto, hapana. Na bado hujaniambia chini wapi.