Kabla Hujampa Nzi Jina Jipya

Kila baada ya miezi miwili mitatu napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa mwanafunzi huko nyumbani: "Dada, nimepata mdudu hayumo kwenye kitabu chochote. Nadhani ni spishi mpya. Nifanyeje?" Namjibu kwa swali: "Umewatazama waliokwishapewa majina?" Wengine hudhani nawakatisha tamaa. Sivyo, mdogo wangu. Swali hilo niliulizwa mimi nikiwa Uswidi, makala yangu ikiwa tayari kutumwa, na lisingeulizwa ningechapisha kosa ambalo lingebaki maandishini hata nikishakufa.

Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, na nilipokwenda kusoma kaskazini ya Ulaya sikuwa na habari kwamba maisha yangu yangeishia kwenye nzi. Nilikabidhiwa chupa ya spiriti iliyojaa wadudu kutoka kwenye mtego wa Malaise, nikaambiwa nichambue. Mtego huo ni kama hema jepesi la wavu. Mdudu akigonga ukuta wa wavu hupanda juu kuufuata mwanga, na huko juu kuna chupa inamsubiri. Aliyeubuni ni Mswidi René Malaise, miaka ya 1930, baada ya kuona wadudu walioingia hemani mwake wakipanda hadi kwenye kona ya juu na kutokea kwenye tundu. Kati ya 2003 na 2006 Waswidi waliitega mitego hii nchi nzima wakapata wadudu wanaokadiriwa kufika milioni 20, na kuwachambua kukachukua miaka mingi baada ya mitego yenyewe kuondolewa.

Chupa yangu ilitoka karibu na Jokkmokk, kaskazini kidogo ya Duara la Aktiki, kwenye msitu wa misonobari mizee ambako mti ukianguka huachwa uoze. Penye magogo yanayooza pana uyoga, na penye uyoga wapo nzi wa familia ya Mycetophilidae, ambao funza wao wengi hula uyoga. Ukimwona kwa macho matupu utasema ni mbu: urefu milimita tatu au nne, mgongo umepinda kama wa mtu aliyebeba kuni, miguu mirefu yenye miiba. Uswidi peke yake ina mamia ya spishi zao, na nyingi kwa nje zinafanana kama mapacha.

Katika chupa hiyo niliwaona madume ambao sikuweza kuwaoanisha na mchoro wowote. Walikuwa wa aina mbili. Nikapima kile kipande cha jeni ya COI kinachotumika kutambua wanyama, herufi 658, nikakilinganisha na vilivyomo kwenye hifadhidata. Aina zote mbili hazikufanana na kitu. Moyo ulinidunda. Nilimpigia simu mama usiku uleule nikamwambia nimepata nzi wawili wasiojulikana duniani, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanauma.

Hapo ndipo nilipokosea. Jeni isiyofanana na kitu haimaanishi spishi haina jina. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeweka jeni ya spishi hiyo kwenye hifadhidata, basi. Majina ya wanyama yanahesabiwa tangu 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina tunaoutumia, na tangu hapo watu wengi wamewapa nzi majina bila kujua jeni ni nini. Kwa nzi wa Skandinavia jina usiloweza kulikwepa ni Johan Wilhelm Zetterstedt, profesa wa Lund, aliyetoa majuzuu 14 juu ya nzi wa huko kati ya 1842 na 1860. Maelezo yake ni ya Kilatini: rangi ya miguu, rangi ya kifua, madoa ya mabawa. Viungo vya uzazi vya dume, ambavyo ndivyo tunavyovitegemea leo, hakuvipasua. Kwa hiyo unaweza kuyasoma maelezo yake mara kumi na bado usijue kama anamzungumzia nzi wako au jirani yake. Njia ni moja tu: kumwona nzi mwenyewe aliyekuwa mezani kwake.

Mzee mmoja aliyesoma rasimu yangu aliweka kalamu chini akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewaona nzi wa Zetterstedt. Sikuwa nimewaona. Nilipanda treni hadi Lund, safari ya kutoka kaskazini kabisa hadi kusini kabisa ya nchi, nikakaa siku tatu mbele ya makabati wanamohifadhiwa nzi hao. Nzi wa karibu miaka mia na themanini ni kitu cha kukutia hofu mkononi. Amekauka hata pumzi yako inaweza kumvunja mguu, na pini za zamani za shaba huota kutu ya kijani inayoupasua mwili taratibu. Nilijifunza kuvuta pumzi pembeni kabla ya kuinua pini. Siku ya pili, chini ya hadubini, nikamkuta wa kwanza katika "spishi zangu mpya". Ncha ya tumbo ilikuwa imegeuka vizuri upande wangu, na ule mwiba mmoja mrefu uliojikunja, niliokuwa nimeuchora kwa fahari, ulikuwa pale pale. Alikuwa na jina tayari, tangu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Wa pili nilimtafuta hadi jioni ya siku ya tatu, kwenye kila droo iliyohusika, sikumwona. Huyo ndiye aliyebaki kuwa spishi mpya.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: bajeti ya muda wako ielekeze huko. Tengeneza orodha ya kila jina lililowahi kutolewa katika jenasi yako, pamoja na yale yanayohesabiwa leo kuwa visawe, yaani majina ya ziada ya spishi ileile, na mbele ya kila jina andika sampuli yake imehifadhiwa wapi. Huna nauli? Waandikie wasimamizi wa makumbusho, uombe picha. Wengi watakusaidia ukieleza hasa unataka kuona nini: usiseme "naomba picha ya nzi", sema "naomba picha ya ncha ya tumbo kutoka upande wa kushoto na kutoka chini".

Sasa mezani. Viungo vya uzazi vya dume vimefungwa ndani ya nyama na giza, hivyo lazima uviyeyushie nyama. Kata ncha ya tumbo kwa sindano mbili nyembamba, iweke kwenye mmumunyo wa potasi hidroksidi wa asilimia 10, na kaa hapo. Nasema kaa, kwa sababu mimi niliondoka. Nilikuwa na madume wawili tu wa spishi ile. Wa kwanza nilimwacha kwenye mmumunyo Ijumaa jioni nikaitwa kwenye simu, nikamkumbuka Jumatatu. Nilikuta kitu cheupe kama kipande cha nailoni, vinyweleo vimeng'oka, rangi imekwisha. Wa pili nilimweka kwenye asidi ya laktiki, ambayo ni pole zaidi, nikakodoa macho hadi mwisho. Baadaye tulirudi msituni tukapata wengine wanne, bahati ambayo si ya kuitegemea. Ukiwa na dume mmoja tu, acha kwanza. Piga picha kabla ya kukata, pima mabawa, andika rangi, kisha subiri msimu mwingine.

Kuchora kulinichukua wiki nzima kwa mchoro mmoja. Huwezi kuukwepa mchoro kwa kupiga picha, maana mkono unalazimika kuamua kila mstari unaanzia wapi, na hapo ndipo jicho linapogundua mwiba ambao lilikuwa likiuruka siku zote.

Kwenye kuandika, vijana wengi huweka kurasa tano za maelezo na mistari miwili ya tofauti. Geuza. Msomaji wako ni mtu mwenye nzi mkononi anayetaka kujua: huyu ni wako au ni yule wa jirani? Mwambie hilo waziwazi. Kanuni za kimataifa za majina nazo zina masharti yake: useme kwamba jina ni jipya, uteue sampuli moja kuwa holotaipu, yaani ile ambayo jina litafungamana nayo daima, utaje makumbusho itakamohifadhiwa, na kama unachapisha kwenye jarida la mtandaoni pekee, kazi isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya makala. Ukikosa hata moja kati ya hayo, jina lako halihesabiki. Holotaipu usiiweke nyumbani kwenye boksi lako. Naomba sana.

Juu ya jina lenyewe: sifa ya Kilatini lazima ikubaliane na jinsia ya jenasi. Mycetophila ni ya kike, basi mweusi atakuwa nigra, si niger. Ukimheshimu mwanamume mmoja jina linaishia na i, mwanamke ae. Kujiita mwenyewe hakukatazwi na kanuni, lakini wenzako hawatakusahau kwa hilo. Jina linaweza kutoka lugha yoyote, hata yetu. Sisi wa Rungwe tunalijua hilo: nyani wa milimani kwetu alipoelezwa kisayansi mwaka 2005 alipewa jina lilelile wazee walilomwita, kipunji. Mara ya kwanza alielezwa kwa picha, watu wakabishana sana, hadi maiti ya mmoja ilipopatikana kwenye mtego wa mkulima. Kwa nzi wa milimita tatu usijaribu picha.

Na lebo. Ndani ya spiriti tumia penseli au wino wa China, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka na kukuachia kikaratasi cheupe. Andika mahali, viwianishi, tarehe ya kutega na ya kutegua, aina ya msitu, na aliyekusanya. Nzi asiye na lebo sahihi hamsaidii mtu.

Wa kwangu leo amelala kwenye droo huko Uswidi, na lebo nyekundu ya holotaipu chini yake. Ncha ya tumbo lake imo kwenye kichupa cha gliserini kilichochomekwa kwenye pini hiyohiyo. Jike lake bado hatujampata, wala hatujui funza wake wanakula uyoga gani. Juni theluji ikiisha tunarudi Jokkmokk, na safari hii tunafunika magogo kwa wavu, kila gogo peke yake, tuone nani anatoka kwenye lipi.