Mbwa mwitu mwenye mabawa anayezurura akisimulia: kwa nini igizo lake linakufa mapema

Mkuu swali lako nimelielewa. Una karakta wa kuigiza kwa maandishi, yale maigizo ambayo kila mtu anaandika sehemu ya karakta wake, mbwa mwitu mwenye mabawa, roho huru, hana kwao, anazurura akisimulia hadithi za kichawi, ukimtambulisha kila mtu anamsifia lakini mkianza kuandikiana igizo linakata pumzi baada ya majibizano machache, na unataka kujua kama wazo lenyewe ndo bovu au lishatumika mpaka limechosha. Mi nina karakta wa aina hiyohiyo kwa miaka sasa, anaitwa Vuma, na bado anaitwa kwenye maigizo ya watu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona. Jibu ni refu, vumilia.

Wazo liko poa kabisa. Kinachomuua karakta wako ni huo uhuru wenyewe jinsi ulivyouandika. Ukisema hafungwi na chochote, hamhitaji yeyote, akichoka anaruka anaondoka, umeshamwambia mwenzio kwamba afanye lolote atakalo, we utaruka. Sasa mtu ajibu nini hapo? Anakusifia mabawa, anakuuliza umetoka wapi, anaishiwa.

Anza na mnyama mwenyewe kabla hujafika kwenye manyoya na uchawi. Mbwa mwitu, nazungumzia huyu wa kijivu wa kaskazini, ni mnyama wa familia. Kundi lake mara nyingi ni baba, mama na watoto wao wa miaka miwili mitatu ya karibuni, basi. Ile stori ya alfa anayewapiga wenzie mpaka wamwogope ilitokana sana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa 1947 uliofanywa kwa mbwa mwitu waliofungiwa sehemu moja, na mtafiti mwingine, David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliisambaza sana, baadae mwenyewe aliikana, mwaka 1999 akaandika kwamba porini wanaoongoza ni wazazi tu. Kwa hiyo ukiona mtu anakushauri umfanye wako awe "alfa aliyefukuzwa na kundi" mpotezee, hao wamejaa kila kona.

Mbwa mwitu anayetembea peke yake yupo kweli ila mara nyingi ni kijana wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hivi ambaye ametoka kwa wazazi kwenda kutafuta mwenza na eneo lake, yaani yuko peke yake kwa sasa na ana anachokitafuta. Kuna mmoja alifungwa kola ya kumfuatilia kule Slovenia mwaka 2011, wakamuita Slavc, mwezi Desemba akaanza safari, akapita Austria, akakatiza milima ya Alps katikati ya baridi, akaenda kutokea Italia jirani na Verona, zaidi ya kilomita 1,000, na huko akakutana na jike ambaye nae alikua peke yake, 2013 wakapata watoto. Mi nilipoisoma hiyo ndo nikajua Vuma anazurura kwa nini. Uhuru wake ni wa mtu anayetafuta, na mtu anayetafuta ana sababu ya kukaa pale alipotua angalau mpaka ajue kama anachokitafuta kipo.

Sasa unganisha na usimulizi. Mbwa mwitu akilia ule mlio mrefu anaita wenzie na anawaambia wa makundi mengine kwamba eneo lina wenyewe, na kwenye uwanda wazi unaweza kusikika mpaka kama kilomita 16, msituni pungufu ya hapo. Huo ndo usimulizi wa Vuma. Anatua, anasimulia, anasikilizia nani atajibu. Badala ya paukwa pakawa ya kila mtu ana mwito wake mwenyewe, na anayeujibu ndo hadithi inamshika. Asiyejibu anaona mbwa mwitu amekaa anaongea, full stop, hakuna mwanga hakuna nini. Hii kitu moja ilinitatulia nusu ya matatizo maana uchawi wote ukawa mikononi mwa msikilizaji.

Na hapo ndo kwenye kiini hasa. Msimuliaji wa kichawi ni karakta hatari kwa wenzie, hatari kuliko hata wale wa kupigana pigana. We unaandika aya nane za hadithi yako, vitu vinatokea hewani, nyota zinashuka, na karakta za wenzio zote zimekaa chini zimeduwaa. Umewageuza watazamaji. Wengine wanaenda mbali zaidi wanaandika kabisa "machozi yakakutoka", yaani wanamwendesha karakta wa mwenzao, hiyo ni noma na watu wakishakuona una tabia hiyo wanakukwepa kimyakimya bila kukwambia. Vuma hamalizi hadithi peke yake. Anaifikisha mahali mlango unafunguka halafu anamgeukia mmoja anamuuliza nani yuko nyuma ya mlango, na jibu lolote atakalopewa ndo linakua kweli, hata likiharibu kila nilichopanga. Nilishawahi kupanga nyuma ya mlango kuna malkia, dogo mmoja akajibu "deni la babu yangu", aisee igizo lile lilienda wiki na wiki na malkia hakuonekana tena.

Uchawi uwe na kikomo kinachoeleweka. Wa kwangu ni kwamba kinachosimuliwa kinaonekana na kinagusika ila tu mpaka hadithi iishe, alafu hadithi ikishasimuliwa mpaka mwisho inamtoka, anaisahau, inabaki kwa waliosikiliza. Ndo maana anasafiri, anaishiwa. Anahitaji kupewa nyingine, kwa hiyo kila anapotua anaomba hadithi kabla ya kutoa yake, na karakta wa mwenzio anapata nafasi ya kuongea mambo yake mwanzoni kabisa. Unaona inavyojifunga? Sababu ya kuzurura, sababu ya kukaa na watu, na bei ya uchawi, vyote ni kitu kimoja. Wa kwako sio lazima awe hivyo lakini kama bei ya uchawi wake haihusiani na sababu ya safari yake utakua na karakta wawili kwenye ngozi moja.

Kuna hadithi moja pia hataki kuimaliza. Watu wanaipenda hiyo kuliko zote na mi sijawahi kusema ni ipi.

Tuje kwenye mabawa maana profaili yako umeandika mistari mingi ya rangi ya manyoya na hamna hata mmoja wa jinsi yanavyomsumbua. Mbwa mwitu mkubwa wa kawaida ni kama kilo 30 mpaka 50. Kondori wa Andes, mmoja wa ndege wakubwa kabisa wanaoruka leo, anafika kilo 15 na mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita 3. Kulikua na Argentavis, ndege wa zamani sana wa Argentina aliyekwisha kutoweka, anakadiriwa kilo 70 hivi na mabawa ya mita 6 mpaka 7 toka ncha hadi ncha. Kwa hiyo yale mabawa madogo kama ya njiwa unayoyaona kwenye michoro ni urembo tu, mpe wako mita 5 na kuendelea alafu fikiria anapitaje mlangoni, analala ubavu gani, anafanyaje mvua ikinyesha. Na kifua kiwe kipana maana misuli ya kurukia kwa ndege wengi inachukua kama asilimia 15 mpaka 25 ya uzito wote. Najua utasema ni uchawi, sawa, ila uchawi ukishautumia kwenye hadithi usiutumie tena kukwepa kila usumbufu, usumbufu ndo unaleta matukio.

Mfano ambao naupenda kuliko yote. Ndege wazito hawapigi mabawa ovyo, wanapanda na hewa moto inayoinuka toka ardhini wakati jua limeshapasha. Utafiti mmoja wa kondori uliotoka 2020 ulikuta wanapiga mabawa kwa asilimia 1 tu ya muda wa kuruka, na mmoja alielea zaidi ya saa 5, kama kilomita 170, bila kupiga bawa hata mara moja. Sasa hewa hiyo jioni inakufa. Maana yake mbwa mwitu mzito mwenye mabawa jua likizama yuko chini, atake asitake, na jioni ndo muda watu wamekaa na wana masikio. Hata ugomvi ukitokea usiku hawezi kuruka tu akaondoka, lazima aamue kubaki au kukimbia kwa miguu, na akikimbia kwa miguu na hayo mabawa ni aibu tupu. Mwenzangu mmoja aligundua hilo akaanza kumfanyia Vuma visa usiku makusudi, tukacheka sana, lakini igizo likapata joto.

Kitu kingine ni kunyonyoka. Ndege wote wanabadilisha manyoya, wengi kidogo kidogo, ila bata wanapoteza yale ya kurukia yote kwa mpigo na wiki kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Nilichagua ya bata. Kila mwaka Vuma ana kipindi amekwama, anang'aa vipara vipara, ana hasira, hadithi zinamwishia na hawezi kwenda kutafuta zingine, inabidi aishi na watu kama jirani. Vipindi hivyo ndo nimeandikiwa matukio mazuri kuliko yote ya angani, kuna mtoto wa kwenye igizo aliokota manyoya yake yote akamshonea shuka, siwezi kuisahau ile.

Namna ya kuingia kwenye tukio nayo ina shida kwako. Umeandika anashuka taratibu kutoka mawinguni, mwezi nyuma yake, macho ya dhahabu, kila mtu ananyamaza. Kila mtu anaingia hivyohivyo mkuu. Mi huwa namleta na shida ndogo, kitu kama hiki:

"Samahani, huo ukuta una mtu? Bawa la kushoto limelowa, nikiliacha limekunjwa usiku kucha kesho siruki. Nitalikunjua tu, halitamgusa mtu. Labda wewe mzee usogeze mguu kidogo. Asante. Sasa, kuna yeyote hapa ana hadithi ambayo ameichoka?"

Hapo mwenzio ana vitu vya kushika, anaweza kukataa ukuta, anaweza kulikanyaga bawa, anaweza kusema ndio ninayo. We umeshaanza safari na hujasema neno la kichawi hata moja.

Tabia punguza ile "mcheshi, mpole, mwenye hekima, mkorofi kidogo", hiyo inamfaa yeyote. Chagua jambo moja analolifanya vibaya. Wangu hawezi kusikiliza hadithi ya uongo akanyamaza, anakatiza, anasahihisha, halafu ye mwenyewe anadanganya kuhusu alikotoka kila anapoulizwa. Watu wameweka kumbukumbu za majibu yake yote na wanambana nayo, raha yake ndo hiyo.

Kuhusu kama wazo limechakaa, wala. Mbwa mwenye mabawa wapo zamani, kuna Simargl wa Waslavi ambaye mara nyingi anachorwa hivyo, ni mmoja wa miungu ambao Vladimir, mtawala wa Kyiv, aliwasimamishia sanamu mwaka 980, na kwenye vitabu vya pepo vya Ulaya vya karne ya 16 na 17 kuna Marchosias, mbwa mwitu mwenye mabawa na mkia wa nyoka anayetema moto na kuongoza majeshi 30 ya mapepo. Mmoja alikua anaabudiwa, mwingine alikua anaagizwa kazi na wachawi. Kazi ya kukaa chini na watu akawauliza wana hadithi gani hamna anayeifanya kati yao, hiyo nafasi ni yako, ila mkia wa nyoka usimwekee.

Tupia profaili upya ukishairekebisha, na kama hutojali Vuma yuko kwenye kunyonyoka sasa hivi na ameishiwa hadithi, mlete wako tuanze.