“Magazine” si magazeti: nasaba ya neno

SWALI: Mwenzangu anashikilia kwamba neno la Kiingereza “magazine” lilitokana na “magazeti” yetu. Mimi nasema ni kinyume chake, sisi ndio tuliochukua “gazeti” kutoka kwao. Nani mkweli? Na magazini ya bunduki inaingiaje hapo?

JIBU: Nyote mmekosa, ila siwalaumu. Sikio la Mswahili likisikia ma- mwanzoni mwa neno, hudhani ni wingi. Gazeti lina ukoo wake: ni gazzetta ya Kiitalia, jina la karatasi za habari zilizouzwa Venice katika karne ya 16. Halina udugu wowote na “magazine”.

“Magazine” asili yake ni Kiarabu. Mzizi ni kh-z-n, wenye maana ya kuweka akiba, na makhzan ni mahali pa kuwekea, yaani ghala. Hiyo ma- ni ya mahali, na tunayo tele bila kujijua: maktaba ni mahali pa vitabu, mahakama ni mahali pa hukumu. Wingi wa makhzan ni makhazin, na ndio walioubeba Waitalia wakasema magazzino. Kwa hiyo neno lilitoka kwenye wingi kweli, lakini si kwa sababu ya ile ma-! Wafaransa wakapata magasin, ambalo leo kwao ni duka, na Waingereza wakalipokea katika karne ya 16 likiwa bado na maana ya ghala.

Ghala lililowashughulisha zaidi wanajeshi lilikuwa la baruti na silaha. Baadaye jina hilo likapewa kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki. Askari wetu wanaposema “magazini mbili na risasi zake”, wako karibu na maana ya kale kuliko mhariri yeyote.

Upande wa maandishi, mwaka 1731 Edward Cave alianza kuchapisha The Gentleman’s Magazine jijini London. Alikusudia ghala la makala, humo kila kitu kimo: siasa, mashairi, habari za biashara. Jina likashika, wengine wakaiga, na baada ya muda watu wakasahau kabisa kwamba kulikuwa na ghala.

Kwenye mzizi huohuo wa kh-z-n sisi tuna hazina. Kh ya Kiarabu imelainika ikawa h, kama ilivyokuwa kwa habari na hatari. Kwa hiyo mweka hazina wa chama chenu ana undugu na “magazine” kuliko muuza magazeti.

Katika kuandika, kinachotoka kila wiki au kila mwezi kiite jarida, wingi majarida. Magazini iachie bunduki: magazini hii, magazini hizi. Juzi nilisoma mahali “gazini moja”, mtu kaing’oa ma- akidhani anatengeneza umoja. Hilo halipo.