Kiwanja Kilikuwa Gereji: Maswali Yenu na Majibu

Barua za mara hii zimetoka Mbeya, Iringa na Mafinga, na karibu zote zinauliza kuhusu kiwanja kilichowahi kuwa na kazi nyingine. Nimezifupisha.

Nimenunua kiwanja Ilomba, kilikuwa gereji miaka mingi. Udongo mweusi, unanuka oili. Fundi anasema tumwage moramu juu, tujenge. Ni sawa? (Baba Watatu)

Moramu peke yake, hapana, ingawa fundi wako hajakosea kabisa. Gereji huacha uchafu wa aina mbili. Kuna oili chafu na dizeli, halafu kuna madini ya risasi kutoka kwenye betri zilizopasuliwa pale. Mafuta huliwa na bakteria wa ardhini wakipata hewa, unyevu na mbolea. Udongo unachimbwa, unatandazwa juu ya turubai zito, unachanganywa na samadi na kugeuzwa mara kwa mara. Dizeli huweza kupungua sana ndani ya miezi. Oili ya injini hung'ang'ania zaidi. Risasi ni metali, hakuna kijidudu cha kuimaliza. Mtoto huipata kwa vumbi linalofika mdomoni na vidole, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo anza na majirani na mwenyekiti wa mtaa: betri zilipasuliwa kona gani, oili ilimwagwa wapi? Chukua sampuli hapo, juu na chini, uzipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya. Taja kabisa kwamba unataka kipimo cha risasi na mafuta, maana kipimo cha kawaida cha udongo wa shamba hueleza rutuba tu. Ikikutwa risasi, ondoa tabaka la juu, weka udongo safi, ufunike kwa zege au vitofali. Hapo ndipo moramu ya fundi inapoingia. Udongo uliotoka usiumwage korongoni. Waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, unapelekwa wapi.

Anayedhani natia chumvi aangalie Kabwe, ile ya Zambia ambayo madereva wa malori huipita wakitoka Tunduma kwenda Lusaka, si Kabwe yetu ya Mwanjelwa. Mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wameendelea kukutwa na risasi kwenye damu.

Hapa Ipogolo kuna kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, matangi bado yako chini. Tunataka fremu za maduka, na kisima nyuma.

Fremu zinawezekana, kisima sahauni. Tangi kuukuu hutobolewa na kutu, na petroli ina benzini, inayosababisha saratani na kusafiri na maji ya ardhini hadi kwa jirani. Vuteni maji ya IRUWASA, mamlaka ya maji ya Iringa. Matangi yatolewe na wenye vifaa na ujuzi: tangi tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche moja, fundi wa kuchomelea asilisogelee. Kabla ya kufukia shimo, pimeni udongo wake.

Eneo letu Mafinga lilikuwa la kutia dawa nguzo za umeme. Vipande vimebaki rundo, mama anavipikia.

Aache leo. Dawa inayozipa nguzo ule ukijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Majivu hayo msiyatie kwenye mchicha.

Ni kweli alizeti inasafisha udongo wenye sumu?

Kidogo, na polepole. Alizeti hunyonya sehemu ya metali, lakini risasi hushikamana na udongo, utavuna misimu mingi bila kufika mbali. Na ukivuna umepata taka, si zao: usikamue mafuta, mashudu usiwape ng'ombe.

Sisi ni mafundi magari, Mwanjelwa. Tukihamishwa ili eneo liendelezwe, nani atalipia usafi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Ugumu ni kumpata. Marekani, sheria ya mwaka 1980 iliweza kumbana hata mmiliki mpya asiyechafua chochote, wanunuzi wakaviogopa viwanja vya viwanda vya zamani. Mwaka 2002 wakaongeza kinga kwa aliyechunguza kabla ya kununua. Ningependa kuona kinga ya namna hiyo kwetu, iende pamoja na mfuko wa kusafisha pale mchafuzi asipopatikana. Kumbebesha fundi wa spana gharama ya miaka arobaini ya wapangaji waliomtangulia si haki.

London walipoandaa eneo la Olimpiki ya 2012 walisafisha tani kama milioni mbili za udongo, na mwingi wakautumia palepale. Lakini biashara 200 hivi ziliondolewa, zikiwemo karakana kama zenu. Kwetu hofu yangu ni kwamba uchafu nao utahama na nyie. Kwenye kikao cha mtaa, kabla hamjasaini kuondoka, daini eneo jipya liwe na sakafu ya zege, shimo la kutenganisha oili na maji, na mnunuzi wa betri anayezichukua nzima. Yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.