Kijana amekatwa panga, shule inataka kumfukuza

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili. Mwanafunzi wa Senior 2 (mwaka wa pili wa sekondari), amekatwa panga mkononi na vijana wa mtaa mwingine, amerudi darasani siku ya 6, anachelewa kila asubuhi, anasinzia, na naibu mkuu wa shule anasema afukuzwe kwa sababu "anayekatwa na wahuni ni mhuni mwenzao". Unauliza shule ifanye nini na sisi wa afya tufanye nini. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa, kituo cha afya cha daraja la 3 pembeni ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mimi ni mtoto wa kambi ya askari, Kiswahili nilikiokota kwa maafande, hivyo nisamehe ngeli zikigongana.

Hapa kwetu vijana hao wanaitwa aguu. Watu husema ni wezi tu, yamekwisha. Wanasahau kwamba baadhi ya wazazi wao ndio wale watoto waliokuwa wakiingia mjini kila jioni kulala kwenye varanda za maduka wakati wa vita vya waasi wa LRA. Kisha ikaja korona, shule zikafungwa, zote au kwa sehemu, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022. Wapo walioondoka P7, darasa la saba, wasirudi tena. Wengine nawapokea mimi Jumamosi usiku, shati limefungwa mkononi, damu imeshakauka.

Jambo moja sikufundishwa chuoni. Kijana aliyekatwa haji kituoni kuzungumza. Mwambie kuna mshauri nasaha, atakuitikia "sawa sista", na ndiyo mwisho wa kumwona. Lakini kidonda atakileta. Kila baada ya siku 2 au 3 atakuja kusafishwa, hata yule mkaidi, maana kinauma na kikianza kunuka anaona haya. Ni miadi pekee anayoitimiza.

Basi natumia hiyo. Nikilowesha bandeji iachie, macho yangu yako mkononi, yake yako ukutani, na hapo ndipo anasema. Simwulizi anajisikiaje. Namwuliza: "Ukitoka hapa unapita wapi?" Mmoja alinieleza njia yake: nyuma ya mashine ya kusaga, avuke mfereji, azunguke soko lote, dakika 50 badala ya 15. Kumbe shule ilikuwa ikimchapa kwa kuchelewa. (Na fimbo yenyewe sheria ya watoto imeikataza shuleni tangu 2016, ila hayo tuyaache.) Swali la pili: "Wenzako wanasemaje?" Hapo utasikia kama kuna kisasi kinapikwa. Siku za mwanzo, damu ikiwa bado moto, ndizo za hatari zaidi, na mara nyingi yeye mwenyewe hataki kurudi kupigana. Anaogopa tu kuonekana mwoga.

Kuna utafiti wa 2007 uliofanywa kwenye kambi 2 za wakimbizi wa ndani huku kaskazini. Vijana waliokuwa na huzuni nzito walikutanishwa kwa vikundi kila wiki, viongozi wakiwa watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari. Wasichana walipata nafuu kubwa. Wavulana, matokeo hayakuwa wazi hivyo. Mimi sikushangaa. Mvulana wa miaka 15 ukimkalisha kwenye duara umwambie aseme, anameza ulimi. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono, au wewe fanya kitu kwenye mkono wake, atasema.

Sasa nikuambie nilipokosea. Unajua wagonjwa wetu huja na daftari lao la shule, tunaandika humo humo. Kijana mmoja daftari lake lilikuwa na hesabu mbele na dawa nyuma. Nikaona nimepata njia ya kufikisha ujumbe kwa mwalimu wake, nikaandika kwa mwandiko mzuri: ameshambuliwa, anaota ndoto mbaya, asiadhibiwe kwa kuchelewa. Daftari likakusanywa na kiranja. Kufikia saa za posho, yaani chakula cha mchana, darasa zima lilikuwa linamwita "ndoto". Hakurudi shule kwa wiki 3, na kwangu hakurudi kabisa; nyuzi alizitoa mwenyewe kwa wembe. Tangu siku hiyo siandiki neno shuleni bila kumwuliza mwenyewe nani aambiwe na aambiwe nini. Akikubali, nampigia simu mwalimu mmoja aliyemchagua yeye. Mmoja tu.

Kwa upande wako, mwalimu, kubali kuwa huyo mmoja. Shule huwa na mwalimu mlezi wa wavulana na wa wasichana, lakini kwa watoto wengi huyo ndiye anayeshika orodha ya makosa, kwa hiyo usilazimishe awe yeye. Kuhusu kuchelewa, ongea na naibu mkuu kwa lugha ya njia, si lugha ya huruma: mtoto huyu hapiti barabara fulani kwa sababu hii, tumruhusu aingie saa mbili na nusu mpaka mwisho wa muhula, na jioni aondoke na wenzake wa upande huo kabla giza halijaingia. Sisi kwa kijana wetu mmoja tulimpata hata mtu wa boda, jirani yake, kupitia mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Ukimfukuza, wale wa mtaani watampokea mchana huohuo, na hawadai karo.

Naibu mkuu akisema upole haufanyi kazi, mweleze habari za wilaya ya Luwero. Shule 42 za msingi zilipimwa, matokeo yakatoka 2015: zile zilizofuata mpango wa kupunguza ukatili shuleni wa shirika la Raising Voices la Kampala, wanafunzi waliosema wamepigwa na walimu wiki iliyopita walipungua kwa zaidi ya theluthi. Mtoto anayepigwa mtaani halafu akapigwa shuleni hana pa kupumulia.

Kuhusu fomu ya polisi, ile PF3. Wapo wahudumu wanaosema leta fomu kwanza ndipo tushone. Hapana. Kijana anayeogopa polisi ataenda kushonwa uchochoroni. Sisi tunatibu kwanza, fomu inafuata kama anataka kesi. Na kama chini ya hilo panga kuna kubakwa au kulawitiwa, usikae nalo hata usiku mmoja: dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu. Namba ya watoto ya taifa ni 116, ni bure, unaweza kupiga wewe mwenyewe.

Umesema amerudi siku ya 6. Nyuzi za mkono kwa kawaida tunazitoa kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo bado ana safari moja au mbili za kituoni. Nenda naye, ukae kwenye benchi la nje, na umwache aingie peke yake.