Omena na mboga badala ya dawa ya msongo wa mawazo?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Kondele, Kisumu, umri miaka 38. Kliniki waliniambia nina msongo wa mawazo pamoja na wasiwasi, na sasa natumia fluoksetini. Shemeji yangu anasema niache dawa, ninunue vidonge vya mafuta ya samaki na nile vizuri, nitapona. Ni kweli? Zamu naimaliza kwa chai na vinywaji vya kuongeza nguvu, chakula ni asubuhi nikitoka.

JIBU: Ndugu yangu, dawa usiiache. Ukiikatiza, ugonjwa unaweza kurudi. Kama inakusumbua, mwambie aliyekuandikia.

Hata hivyo, kuhusu kula vizuri shemeji yako ana hoja. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu wazima 67 wenye msongo wa mawazo na lishe duni. Kwa wiki 12, kundi moja lilielekezwa kula mboga, matunda, samaki, maharagwe na nafaka zisizokobolewa; kundi la pili lilipata mtu wa kupiga gumzo naye. Waliopata nafuu kamili walikuwa 32% katika kundi la kwanza na 8% katika la pili. Wengi wa hao 67 walikuwa tayari kwenye matibabu, chakula kikaongezwa juu yake. Jaribio ni dogo, kwa hiyo sikuapii, lakini mimi nalichukulia kwa uzito.

Vidonge ni habari nyingine. Mwaka 2019, jaribio la Ulaya lililohusisha watu zaidi ya 1,000 wenye uzito uliozidi lilionyesha kuwa vidonge vya omega-3 (mafuta ya samaki), foliki (vitamini iliyo kwenye mboga za majani) na vitamini D havikuwakinga na msongo wa mawazo. Pesa hizo nunulia omena sokoni Kibuye. Osuga (mnavu) nayo usiichemshe mara tatu ukimwaga maji, foliki inaenda na hayo maji. Punguza uchungu kwa maziwa, kama wafanyavyo akina mama wengi hapa.

Kinachonitia hofu zaidi ni hivyo vinywaji vyako. Kafeini iliyo ndani ya chai na vinywaji hivyo huharakisha moyo, hutetemesha mikono na kufukuza usingizi, na mwenye wasiwasi akihisi hivyo hudhani amezidiwa. Nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, ndiyo maana asubuhi unajigeuzageuza kitandani. Tumbo tupu usiku kucha linaongeza mtetemo huohuo. Beba githeri au ugali na omena, ule katikati ya zamu. Vinywaji vipunguze kidogo kidogo, kwani kuacha ghafla huleta maumivu ya kichwa.

Kliniki, uliza pia kama umepimwa damu, vitamini B12 na tezi ya thairoidi. Upungufu hapo huchosha na kuhuzunisha mtu, na una tiba yake.

Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje tarehe ya kliniki. Mwite mwenzako ashike lindo, uende idara ya dharura ya hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, hata iwe saa nane usiku.